Mchanga Mzito wa Bibi Sugua

Wako watu wanaojulikana kwa sura, na wako wanaojulikana kwa sauti. Bibi Sugua alikuwa wa sauti. Ungekuwa jikoni unapambana na sufuria iliyoungua, mara unamsikia anakata kona na ndoo yake kichwani, ananadi, "Sugua, sugua, masizi yanaaga dunia." Wapishi wa mikahawa walitoka na makopo yao, na mpishi mkuu wa shule, mwanamke mnene asiyecheka ovyo, alikuwa na kigoda maalumu cha kumkalishia mlangoni.

Alichouza ni mchanga. Usicheke, mchanga wenyewe haukuwa huu mweupe unaoingia viatuni. Ulikuwa mweusi, mzito, laini kama kahawa iliyosagwa, na sufuria iliyokaa motoni mpaka ikasahau rangi yake ya kuzaliwa, ukiisugua kwa mchanga ule unaweza kujitazama meno ndani yake.

Kuupata kulitaka macho na kiuno. Mawimbi makali yakishapita, bahari ilipotulia, ufuko ulibaki na michirizi myeusi kama mtu aliyejipaka wanja kwa haraka. Bibi Sugua aliikwangua kwa kipande cha bati, akajaza karai, akatia maji, akaanza kuzungusha. Mchanga mweupe na vipande vya makome, kwa kuwa ni vyepesi, vilimwagika ukingoni pamoja na maji. Mweusi ukabaki. Akatia maji mengine, akazungusha tena. Wenzake waliojaribu kazi hiyo waliosha mara moja wakaridhika, ndiyo maana biashara zao zilikufa changa. Yeye alijivuna kwamba huosha mpaka mchanga wenyewe uchoke.

Halafu aliuanika uani kwenye turubai. Mteja akitia shaka, alitoa sumaku aliyoing'oa kwenye spika mbovu, akaifunga kitambaa, akaipitisha juu ya mchanga. Chembe nyeusi ziliruka zikasimama wima juu ya kitambaa kama nywele za mtu aliyeona nyoka. Mteja akacheka, akanunua.

Na kila karai lilikuwa na kitako chake. Chini kabisa kulibaki mchanga uliogoma kutoka hata maji yapigwe vipi, mzito kuliko wote, wenye chembe nyekundu ndani yake na ukijivu kidogo, na sehemu kubwa yake haikuijali sumaku. Huo Bibi Sugua hakuuuza hata kwa kubembelezwa. Aliuita mama wa mchanga, akauweka kwenye kopo la maziwa dirishani kwa ajili ya sufuria za nyumbani kwake tu. Alisema mtu mwenye akili hawauzii watu kizuri chote akawabakishia wanawe makapi.

Sasa tuje kwenye ukuta.

Nyumba yake ilipakana na ya shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Baba yao aliwaachia kiwanja kimoja kinachoishia ufukoni, na ndugu wawili wakajenga bega kwa bega wakiwa bado wanapendana. Yule mkubwa alipofariki, kilichobaki katikati ni ukuta wa matofali unaofika kifuani, na chuki iliyofika juu zaidi.

Shemeji watu walimwita Chubwi, kwa sababu ya kazi yake. Alivunja betri kuukuu za magari, akatoa risasi iliyomo, akaiyeyusha kwenye tanuri la nyuma ya nyumba na kuimimina kwenye kalibu, ikatoka chubwi za kuzamishia nyavu na ndoana. Alikuwa fundi, hilo hata adui zake walikubali. Taka iliyoelea juu ya risasi ikichemka aliikwangua kwa upawa akairusha nyuma, upande wa bahari. Alifanya hivyo tangu ujana wake. Bahari ni kubwa, alisema, imemeza meli, haitashindwa na uchafu wa upawa.

Tanuri alilijenga karibu na ukuta ule mara baada ya matanga ya kaka yake. Bibi Sugua akaona ni dharau. Chubwi akaona shemeji yake anataka kumtawala kwake kwa kuwa tu aliolewa hapo mapema. Wakarushiana maneno, kisha maneno yakakauka, na tangu siku hiyo hawakusemeshana tena ana kwa ana. Lakini msidhani walinyamaza. Kila mmoja alisema na kuku wake.

"Kuku wangu," Bibi Sugua alisema akimwaga pumba, kwa sauti ya kufika ng'ambo, "msiruke ukuta. Huko wanakaanga mapafu ya watu."

Na kutoka ng'ambo, "Jogoo, ukisikia mwanamke analalamikia moshi ujue anautamani moto. Kiwanja hiki hakirithiwi kwa kukohoa."

Majirani walizoea. Jioni wengine walitoa viti nje kabisa, maana kuku wa pale walikuwa na habari kuliko redio.

Bibi Sugua alikuwa mcha Mungu, na hilo nalisema bila kejeli. Hakukosa sala, na mgonjwa hakulala mtaani bila yeye kumpelekea uji. Ila kila sala yake ilikuwa na mkia. Akishawaombea wafu na walio hai, alimwomba Mungu auzime moto wa shemeji yake. Aliomba hivyo miaka na miaka, wala hakuona ubaya, kwa sababu hakuomba afe. Aliomba moto tu.

Aliishi na bintiye, fundi cherehani, ambaye mumewe alikuwa mbali kwenye kazi za barabara. Binti alikuwa na mtoto wa kike, mjukuu wa kwanza wa Bibi Sugua, kitoto chenye mashavu na maswali. Mama akiwa kwenye cherehani, mtoto alikuwa wa bibi yake. Bibi akizungusha karai, naye alizungusha kifuu chake. Bibi akianika mchanga, yeye alilala juu ya turubai lenye joto, akachora kwa kidole, akajifukia miguu, akalamba kidole akaendelea kuchora.

Mtoto huyo akaanza kunyauka. Kwanza tumbo, likimkata huku choo hakipatikani. Kisha kucha zikawa nyeupe. Alikuwa mcheshi, akawa wa kulia ovyo na kuuma watu. Kilichomvunja mama yake ni maneno. Mtoto alikuwa keshajua kusema "bibi nipe maji," akarudi kwenye "maji", halafu akawa anaonyesha kwa kidole.

Wakampeleka zahanati, zahanati ikawatuma hospitali, damu ikachukuliwa. Majibu yakasema mtoto ana risasi mwilini. Binti aliposikia neno hilo alimgeuza mwanawe tumbo na mgongo akitafuta tundu, mpaka muuguzi akamwelewesha kwamba ni madini, yale ya betri, yanayoingia kwa kinywa au kwa pumzi na kukaa mwilini kimyakimya. Akawauliza kama nyumbani kuna mtu anayeshughulika na risasi.

Bibi Sugua alisimama kabla swali halijaisha. Tangu auawe simba wa kwanza hakuna mwindaji aliyefurahi na kuumia kwa pamoja namna ile. Alisema yupo, tena ukuta kwa ukuta, na alisema kwa sauti iliyowafanya wagonjwa wa nje wageuke. Akaeleza moshi, akaeleza tanuri, akaeleza na mambo ya mirathi ambayo hayakuulizwa. Muuguzi akaandika, akaahidi kwamba watu wa maabara ya serikali watakuja kupima.

Siku waliyorudi nyumbani kuku walilala bila kusemeshwa. Bibi Sugua alikwenda moja kwa moja ukutani akanena kwa mdomo wake. "Umemtia sumu mjukuu wa marehemu kaka yako."

Chubwi alikuwa anapoza kalibu. Hakuinua kichwa. "Moshi wangu unakwenda baharini. Kaitafute sumu kwako kwanza."

"Nitakuja kukuona unafungwa."

"Njoo na kigoda," Chubwi alisema. "Umezoea kukalishwa."

Mpima mchanga aliyetumwa na maabara alikuwa mwanamke wa makamo mwenye buti za mpira na uso wa mtu asiyelala mchana. Aliongea kidogo. Alipita nyuma ya tanuri la Chubwi akachota mchanga kwa kijiko cha plastiki, akautia kwenye mfuko na kuuandika. Akateremka ufukoni, akachota pale mawimbi yanapoishia, akachota juu penye nyasi, akachimba akachota wa chini. Mweupe aliuweka mbali na mweusi. Bibi Sugua alimfuata hatua kwa hatua akimwonyesha taka za shemeji, hapa na pale na pale tena, kama mtu anayetembeza mgeni shambani.

Mpima mchanga alipofunga mkoba wake, Bibi Sugua alimshika mkono. Na hili ni yeye mwenyewe, hakutumwa na mtu. Alimkokota mpaka uani kwake, akamwonyesha turubai, akamwambia achukue na wake, ili huko maabara wauone mchanga mchafu na mchanga safi sahani kwa sahani. Yule mama alitazama turubai kwa muda. Akatazama alama za vidole vya mtoto zilizochorwa juu yake. Akauliza kama kuna mwingine.

"Upo ulio bora zaidi," Bibi Sugua alisema, akamletea kopo la maziwa.

Majibu yalipokuwa tayari, yule mama alituma ujumbe kwamba atakuja kuyaeleza. Bibi Sugua alifagia uani, akawaalika majirani. Mpishi mkuu wa shule alikuja, wapishi wa mikahawa wakaja, binti akasimama mlangoni na mtoto mgongoni. Alitaka watu wote wasikie siku Chubwi anavuliwa nguo hadharani. Chubwi naye akatokea, akaegemea ukuta kwa upande wake, mikono kifuani, anatafuna kijiti.

Mpima mchanga alianza na upande wa tanuri. Akasema udongo wa pale umejaa risasi, na kwamba tanuri lile halina ruhusa ya kuwaka tena kuanzia siku hiyo. Kukawa na mnong'ono. Bibi Sugua alifumba macho akamshukuru Mungu wake, midomo ikitikisika. Yaani sala imejibiwa, tena mbele ya mashahidi.

"Mama, sijamaliza," yule mpima alisema.

Akaeleza ufuko. Alisema mchanga mweupe wa pwani ile ni mawe ya kung'aa yaliyosagika na makome yaliyovunjika, na kwamba humo risasi aliyoikuta ni kidogo. Mchanga mweusi ni kitu kingine. Huo ni chembe za miamba ya mbali, zilizoletwa na mito zamani, chembe zenye chuma na nyekundu ngumu kama vioo, na zote zina sifa moja, kwamba ni nzito. Wimbi likipanda hubeba kila kitu. Likirudi huondoka na vyepesi, vizito hulala. Bahari ina chekeche lake, alisema, na haichoki kuchekecha.

"Sasa risasi nayo ni nzito kuliko hizo zote. Inalala wapi?"

 Mpishi mkuu wa shule alisogeza kiti chake nyuma kidogo.

"Inalala na mweusi. Na wewe mama ukiuchukua ule mweusi ukauosha, ukaurudia, ukaurudia, unafanya kazi ya bahari kwa bidii kuliko bahari yenyewe. Mchanga unaouza una risasi nyingi zaidi mara kadhaa kuliko ufuko ulikotoka. Na ule wa kopo," akasita, "ule wa kopo sijapata kuona mchanga wa namna ile."

Bibi Sugua alicheka. Kilikuwa kicheko kikavu cha mtu aliyekanyagwa akajifanya ametekenywa. Akasema mchanga wake ni mali ya Mungu, umeumbwa na bahari kabla Chubwi hajazaliwa, na una uhai, unaruka, kila mtu hapa kauona ukiruka. Akaingia ndani akarudi na sumaku na kopo, akamwaga kidogo kwenye sinia, akapitisha sumaku. Nyeusi zikaruka. Akapitisha tena, zikaruka chache. Akapitisha ya tatu, hazikuruka. Kwenye sinia zikabaki chembe nyekundu, na nyeusi zilizogoma, na katikati yake vipunje vya kijivu visivyong'aa.

Hapo Chubwi akatema kijiti. Aliruka ukuta, mtu mzima yule, akaja na nyundo na kipande cha chuma. Alikuja kwa kiburi, tusimsingizie wema. Alitaka kumaliza ubishi kwa ufundi wake na kumwaibisha shemeji yake mbele ya wateja wake mwenyewe.

"Jiwe hupasuka," alisema, akaweka chembe nyekundu juu ya chuma, akaigonga. Ikawa unga. "Risasi hailii wala haipasuki. Inalala."

Akaweka kipunje cha kijivu, akagonga. Alipoinua nyundo, kipunje kilikuwa bapa, kimetandaa kama gamba la samaki, kinang'aa pale kilipopigwa. Akaweka kingine. Nacho kikalala. Chubwi akacheka kwa nguvu, akamnyooshea Bibi Sugua nyundo. "Bibi msafi. Umemlisha mjukuu wako kwa kopo."

Kisha kicheko kikakatika. Alikiokota kile kipande, akakikwaruza kwa ukucha, akakigeuza. Miaka yote ile ameimimina, angeweza kutoitambua? Mpima mchanga hakumwonea haya.

"Na hiyo imefikaje baharini, fundi?"

Chubwi alitazama nyuma ya nyumba yake, kule alikorusha upawa tangu ujana.  Watu wakatazama pale alipotazama.

Ndipo binti akatoka mlangoni. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alikwenda akalichukua kopo, akalifunga, akaliweka katikati ya mama yake na baba yake mdogo.

"Mmoja amemwaga, mwingine ameokota," alisema. "Na mkamtumia mwanangu kama chungu. Msinipe methali ya fahali na nyasi, naijua. Mimi nataka kujua mlikuwa mnapigania nini."

"Mwanangu, mimi nilikuwa naosha," Bibi Sugua alisema.

"Uliosha, mama. Nimeona." Akavuta kanga akamkaza mtoto mgongoni. "Simrudishi hapa mpaka mchanga huu wote utoke. Si uani tu. Kwake pia."

Akaondoka kabla ya jua kushuka, na cherehani yake kwenye mkokoteni, kwenda kukaa kwa mama mkwe. Kwa Bibi Sugua hicho kilikuwa kisu cha pili, maana yule mama mkwe alikuwa akisema siku zote kwamba mtoto hawezi kulelewa kwenye lundo la mchanga kama kaa.

Siku zilizofuata zilikuwa chungu. Alikwenda jiko kwa jiko kuukusanya mchanga wake, na lile jina alilolinadi miaka yote likamrudi kama mate ya kutemea juu. Wengine walimrushia makopo. Mkahawa mmoja walimwambia asiingie, asimame barabarani. Kwa mpishi mkuu wa shule kigoda hakikuwepo.

"Nimepikia watoto wa watu kwa sufuria hizi," mpishi alisema. "Leo mama zao wanasimama getini wananiuliza, nami sina la kuwajibu. Wewe lako ni lipi?"

Bibi Sugua alishusha ndoo. Aliinama akachota mchanga uliokuwa nyuma ya mlango mpaka wa mwisho, akapangusa sakafu kwa kitambaa chenye maji, akaondoka na ndoo kichwani. Safari hii hakunadi. Na shingo yake, iliyozoea uzito ule tangu ujanani, ilimuuma kama ya mgeni.

Tatizo likawa pa kuuweka. Baharini usirudi, yule mama wa maabara aliagiza, wala usizikwe. Utiwe kwenye mapipa yenye vifuniko, gari la maabara litakuja kuyachukua. Mapipa yenye vifuniko mtaa mzima yalikuwa kwa mtu mmoja, na unamjua.

Alisimama ukutani asubuhi moja. Kuku walikusanyika miguuni wakingoja pumba na habari. Aliwafukuza.

"Shemeji."

Chubwi alikuwa amekaa kando ya tanuri lililopoa, hana kazi, mikono imelegea juu ya magoti. Neno hilo hakulisikia kutoka kinywa hicho tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi. Hakulifurahia.

"Umekuja na kigoda?"

"Nataka mapipa."

"Umenifungia tanuri, umewaleta watu wa serikali wamenikanyagia kiwanja, wamenivua mbele za watu. Sasa unataka mapipa."

"Siyaombi kwa ajili yangu."

"Wala mimi siyatoi kwa ajili yako," Chubwi alisema. Akainuka akaenda kuyabingirisha, na kila pipa aliligonga ukutani kwa makusudi kabla ya kulivusha, matofali yakameguka.

Wakaanza kukwangua. Yeye upande wake, Chubwi upande wake, kwa majembe, maji yakinyunyizwa vumbi lisiinuke, vitambaa puani. Usidhani kazi iliwapatanisha. Bibi Sugua alipoona shemeji ameacha kona bila kukwangua alimwambia ndiyo tabia yake, hata kaburi la kaka yake hajawahi kulipalilia. Chubwi naye alisema sasa angalau mchanga wa huyu mama una uzito wa dhambi zake. Mchana walikula kila mtu amempa mwenzake mgongo. Ila hakuna aliyeacha jembe kabla ya mwenzake, na ilikuwa hivyo kwa sababu hakuna aliyetaka iwe ni upande wake uliomzuia mtoto kurudi.

Turubai lilikatwa likaingia pipani. Kopo la maziwa likaingia. Karai ndilo lililomshinda. Alikaa nalo mapajani kivulini, limechakaa, kitako kimekuwa chembamba kwa kuzungushwa. Ng'ambo ya ukuta Chubwi alimwona. Akaja na upawa wake wa tanuri, akautupa ndani ya pipa la Bibi Sugua, ukalia, akarudi bila kumtazama. Bibi akalitia karai juu yake akafunga kifuniko.

Usiku huo kwenye sala, alipofika kwenye mkia, alinyamaza. Aliomba moto uzimwe, ukazimwa. Hakuuliza utazimwa na nini. Aliketi pale kwenye mkeka mpaka magoti yakafa ganzi, asijue aombe nini kuhusu yule mtu wa ng'ambo, kwa sababu bado alimchukia, na mbele za Mungu hakutaka kusema uongo.

Gari likaja, mapipa yakapakiwa. Mpima mchanga akachota udongo uliobaki, pande zote mbili, akaenda, akatuma ujumbe kwamba umepungua sana, na kwamba waendelee kuosha sakafu na mikono. Tanuri likavunjwa. Uani kwa Bibi Sugua kukabaki udongo mwekundu mtupu, kumekwanguliwa mpaka mizizi ya ukuta inaonekana.

Binti akaja siku ambayo hakuitaja. Alisimama getini, mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa bado mwembamba, lakini kucha zilikuwa zimeanza kupata damu, na dawa za hospitali, alisema binti, zinasaidia polepole. Daktari hakuahidi kwamba yote yaliyopotea yatarudi.

"Nimekuja kuona. Sijaja kukaa," binti alisema.

"Karibu uone, mwanangu."

Akaona. Alitembea uani bila kuvua viatu, akapita ndani, akapitisha kidole dirishani pale kopo lilipokuwa likikaa, akakitazama kidole. Alikwenda ukutani akachungulia kwa baba yake mdogo. Chubwi alikuwa anapiga deki kibarazani, mtu asiyejua deki, maji mpaka magotini. Hawakusalimiana. Binti akarudi katikati ya uwanja.

Mtoto akamwona bibi yake. Akanyoosha mkono kutoka ndani ya kanga, akaufungua na kuufumba, kama afanyavyo mtoto akitaka kitu asichokuwa na jina lake. Midomo yake ilihangaika.

"Bi," alisema.

Bibi Sugua alinyanyuka na mikono mbele. Binti akarudi nyuma hatua moja.

"Umeosha mikono?"

"Nimeosha. Tangu asubuhi ninaosha tu."

"Osha tena, mama."

Kutoka ng'ambo ya ukuta deki ilinyamaza. Bibi Sugua alijua anasikilizwa, na kwamba neno hilo litatafunwa huko kwa siku nyingi. Maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumwambia arudie kuosha kitu. Alimtazama mwanawe, akatazama ule mkono mdogo uliokuwa bado unafunguka na kufumba, akageuka akaenda bombani kuichukua sabuni.